Milima ya Mwandiga na Mwaka 1972

Ndugu msikilizaji, iko kauli moja ambayo wageni wa Kigoma huitoa bila hata kuulizwa. Wakishatoka mjini, wakapita uwanja wa ndege, wakafika Mwandiga na kuinua macho kuitazama milima iliyo kaskazini, husema: "Watu wa huku wameimaliza milima yao." Nimeisikia kauli hiyo kwa maofisa, nimeisikia kwa wanunuzi wa dagaa, na Jumamosi moja ya hivi karibuni nimeisikia kwa rafiki zangu mwenyewe. Wiki hii nataka niijibu, maana ina ukweli ndani yake, lakini ni ukweli uliokatwa kichwa.

Tulikuwa wanne. Wawili walikuwa wametoka Dar es Salaam kwa kazi ya juma moja, wa tatu ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Ujiji, na wa nne mimi. Wageni wetu walikwisha kuonyeshwa yote ambayo mgeni wa Kigoma huonyeshwa: pale Ujiji ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, na stesheni ya reli, ile reli ambayo Wajerumani waliifikisha ziwani mwaka 1914. Joto lilikuwa limewachosha. Wakasema wanataka baridi. Sasa baridi ya Kigoma haiko ziwani, iko juu, njia ya Manyovu, nasi tukakubaliana kupanda mpaka Kalinzi na kurudi siku hiyo hiyo.

Kwa asiyeijua, Mwandiga ni mahali njia zinapoachana. Moja inakwenda Kasulu na kuendelea hadi Kibondo. Nyingine inapanda kaskazini kilomita 60 mpaka Manyovu, mpakani na Burundi, na siku hizi yote ni lami. Soko lake ndilo linalokutanisha ziwa na mlima. Upande huu dagaa, migebuka na mawese. Upande ule ndizi, maharage na mihogo. Tulinunua ndizi mbivu na karanga, tukaondoka saa moja na nusu asubuhi. Kutoka ufukweni, ambako ni kiasi cha meta 770 juu ya usawa wa bahari, unapanda hadi milima inayofika meta 1,500 na zaidi, na kabla hatujafika Mkongoro yule aliyelilia baridi kuliko wote alikuwa anafunga kioo cha gari.

Ndipo kauli ilipotoka. Miteremko mingine ilikuwa mashamba mpaka kileleni, mingine majani matupu yenye mawe, na huku na huko kisiki. Mgeni wetu akatikisa kichwa: "Wameimaliza."

Mwalimu hakugeuka. Aliuliza tu: "Wameimaliza lini, kijana?"

Hilo ndilo swali, ndugu msikilizaji. Kila mtu anasema milima imekwisha, hakuna anayeuliza ilikwisha lini. Na kwa bahati njema jibu lipo, tena si la kubahatisha. Ziko picha zilizopigwa na setilaiti kutoka angani mwaka 1972, na ziko nyingine za mwaka 1999, ambazo watafiti wa Gombe wamezilinganisha. Katika zile za 1972, msitu wa mapori ya miombo na mabonde ya kijani unaendelea nje ya mpaka wa Hifadhi ya Gombe. Katika zile za 1999, mpaka wa hifadhi unaonekana kama umechorwa kwa rula: ndani kijani, nje ardhi iliyo wazi. Kwa hiyo tunazungumza juu ya miaka 27. Watu wa nchi hii ya Buha wamelima milima hii tangu zamani za mababu. Kama ni tabia yao kumaliza milima, mbona waliisubiri mpaka 1972?

Tuutazame basi mwaka huo.

Kwanza, ni mwaka wa Operesheni Kigoma. Wasomaji vijana wanaposikia habari za vijiji vya Ujamaa hufikiria mwaka 1974 na Dodoma na Shinyanga, lakini mkoa huu ulikuwa miongoni mwa ile iliyotangulia. Tamko kwamba kuishi vijijini ni amri kwa Watanzania wote lilitolewa Novemba 1973. Kigoma kazi ilikuwa imekwisha anza mwaka mmoja kabla. Waha walikuwa wakiishi kwa kutawanyika, kila mji na migomba yake, umbali wa kuitana kwa sauti. Waliposogezwa pamoja wakapangwa kando ya barabara, faida zake zilikuwapo, na mimi si miongoni mwa wanaozikana: shule zilijengwa, zahanati zilijengwa, na wapo wasomi wakubwa leo waliotoka katika shule hizo. Lakini shamba lililokuwa limetapakaa milima kumi likawa sasa limezunguka kijiji kimoja. Ardhi iliyokuwa ikipumzishwa miaka kadhaa haikupumzishwa tena. Kuni za kaya mia tatu zikatafutwa mahali pamoja. Mti haujui siasa; ukikatwa kila siku hauoti.

Pili, ni mwaka wa Burundi. Mauaji yaliyoanza kule Aprili 1972 yaliwasukuma watu kwa makumi ya maelfu kuvuka mpaka, wengine kwa njia hiyo hiyo ya Manyovu tuliyokuwa tukiipanda, wengine kwa mitumbwi. Wengi walipelekwa mbali, Ulyankulu na Katumba, na baadaye Mishamo. Lakini hawakuwa wa mwisho. Rais Ndadaye alipouawa Oktoba 1993 walikuja wengine. Vita vya Zaire vilipowaka mwaka 1996 wakaja wengine tena, safari hii wakivuka ziwa, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa huko Kasulu. Na Mei 2015, katika kijiji cha Kagunga, kaskazini ya Gombe, watu zaidi ya 50,000 walibanwa kati ya maji na milima, kipindupindu kikiwamo ndani yao, kwa sababu milima ile haikuwa na barabara. Ikabidi meli kongwe ya Liemba, iliyoanza kuelea mwaka 1915, iwasombe kuwaleta Kigoma. Mtu aliyekimbia na watoto na sufuria moja hawezi kuulizwa kuni alizitoa wapi.

Na juu ya hayo, watu waliongezeka. Sensa ya 1967 ilihesabu watu wasiofika nusu milioni katika mkoa wote wa Kigoma. Ile ya 2002 ilihesabu zaidi ya milioni 1.6. Ya 2022 inakaribia milioni mbili na nusu. Milima ni ile ile.

Mambo haya Mwalimu aliyasema kidogo kidogo, gari likipinda na kupinda, kwa sauti ya mtu anayesahihisha daftari. Mgeni wetu hakuwa mbishi wa bure. Aliuliza swali zuri: kama ni hivyo, mbona Gombe imebaki?

Gombe imebaki kwa sababu ililindwa kwa sheria. Waingereza waliifanya pori la akiba mwaka 1943, na serikali yetu ikaipandisha kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968. Kati ya miaka hiyo miwili, tarehe 14 Julai 1960, aliteremka pale ufukweni msichana wa Kiingereza wa miaka 26, Jane Goodall, pamoja na mama yake mzazi, kwa kuwa wakubwa wa Kigoma hawakukubali aishi porini peke yake. Habari zake dunia nzima inazijua: jinsi alivyomwona sokwe akivua mchwa kwa kijiti, jambo ambalo wataalamu walidhani ni la binadamu peke yake. Alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, na magazeti ya kila lugha yaliandika.

Lakini liko jambo ambalo magazeti hayo huliandika kwa mstari mmoja, nami nalipenda kuliko yote. Usiku wa tarehe 19 Mei 1975, watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni pale Gombe. Walikuwa wafuasi wa Laurent Kabila, yule yule aliyekuja kuwa Rais mwaka 1997. Wanafunzi hao waliachiwa baadaye, lakini watafiti wa kigeni ikawalazimu kuondoka. Utafiti ungeweza kufa siku ile. Haukufa, kwa sababu vijana wa vijiji hivi vya Kigoma, watu kama Hilali Matama, waliendelea kuamka alfajiri na kuwafuata sokwe bonde kwa bonde, na kuandika kila walichokiona, nani kala nini, nani kampiga nani, kwa Kiswahili. Ndiyo, ndugu msikilizaji. Moja ya kumbukumbu ndefu kuliko zote duniani za maisha ya wanyama wa porini imeandikwa kwa lugha tunayonunulia nyanya. Hao nao ni "watu wa huku."

Tulifika Kalinzi karibu saa tatu. Ukungu ulikuwa haujaondoka, na mibuni ilisimama chini ya migomba. Mwalimu alikuwa na jamaa yake pale, mzee wa miaka sabini na kitu, aliyetupokea kwa "Mwakeye" na viti vinne vilivyokuwa tayari uani. Tukampa shikamoo. Baada ya chai rafiki yangu, kwa adabu safari hii, alimwomba asimulie milima ilikuwaje.

Mzee hakuanza na milima. Alianza na baba yake, aliyepanda gari moshi Kigoma kwenda Tanga kukata mkonge. Manamba. Waingereza waliihesabu Buha kuwa ghala la vibarua; kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha huku haikuwapo, ilikuwa kwenye mkonge. "Kahawa ndiyo iliyotuweka nyumbani," alisema. Kisha akasema kwamba yeye hakuzaliwa pale tulipokaa. Mji wao ulikuwa ng'ambo, akaonyesha kwa mkono mteremko mmoja mbali, na walihamishwa yeye akiwa kijana anayeanza kuota ndevu. Walibeba milango. "Mlango ulikuwa ghali," akaeleza, alipoona tunashangaa. Migomba haikubebeka.

Hakusema kwa uchungu. Alipoulizwa kama walikata miti, alijibu, "Tulikata. Mlitaka tupikie nini?"

Sasa nije kwenye jambo lililobadilika, maana lipo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Goodall aliruka kwa ndege ndogo juu ya Gombe, akaona kile ambacho picha za setilaiti zingekuja kukionyesha: hifadhi imebaki kama kisiwa. Mwaka 1994 taasisi yake ikaanzisha mradi ulioitwa TACARE, kwanza katika vijiji 12. Miradi ya miti tulikuwa tumeiona mingi nchi hii. Gari linakuja, miche inashushwa, picha inapigwa, mbuzi wanakula. Huu ulianza kwa kuuliza wanavijiji wanataka nini, na wanavijiji hawakusema wanataka miti wala sokwe. Walisema wanataka chakula cha kutosha, zahanati, maji, na shule za watoto wao. Wakaanzia hapo. Miti ilikuja baadaye, pamoja na mikopo midogo ya akina mama na uzazi wa mpango, na kahawa ya milimani ikatafutiwa wanunuzi wa nje walio tayari kulipa bei nzuri zaidi.

Tena miti yenyewe, sehemu kubwa, haikupandwa. Hili ndilo lililomshangaza mgeni wetu kuliko yote. Mzee alitupeleka hadi ukingo wa shamba na kutuonyesha mteremko uliokuwa na vichaka vinavyopita kimo cha mtu. Visiki vile tulivyoviona njiani, alisema, vingi havijafa. Mizizi iko hai. Ukikizuia kisiki kisikatwe wala kuchomwa moto miaka michache, kinatoa machipukizi, na machipukizi yanakuwa mti haraka kuliko mche wowote wa kwenye mfuko. Ndiyo maana vijiji jirani na Gombe vimepima maeneo, vikayapa mipaka na kuyaita misitu ya hifadhi ya kijiji, kwa uamuzi wa mikutano yao wenyewe, na vimechagua walinzi kutoka miongoni mwao wanaozunguka na simu mkononi wakirekodi mtego, tanuri la mkaa, au kinyesi cha sokwe.

Sitaki mniambie nimewachorea pepo. Ardhi haijaongezeka. Mtoto wa mzee yule anataka shamba, na shamba la kugawa halipo isipokuwa lile lililotengwa. Tanuri za matofali zinakula kuni, mji wa Kigoma unapika kwa mkaa, na mkaa unateremka kwa baiskeli kupitia Mwandiga hiyo hiyo ambapo sisi wa mjini tunasimama kuihukumu milima. Bei ya kahawa inapoanguka, uvumilivu wa kijiji nao hupungua. Mzee alilisema wazi: msitu wa kijiji unalindwa na mkutano, na mkutano unaweza kubadili mawazo.

Tulirudi jioni, gari likinuka ndizi. Karibu na Bitale tulipishana na vijana watatu wakishuka na mkaa, magunia mawili kila baiskeli, breki zikilia. Rafiki yangu alimwomba dereva apunguze mwendo. Akashusha kioo, akawauliza gunia shilingi ngapi.