Nguzo Zinazohama na Barabara

Nimewahi kuwa kibarua wa kuchimba mashimo ya nguzo za umeme Kibiti. Nguzo ya mita 11 hukitwa karibu mita 2 chini. Mchanga wa kwetu ni laini kuchimba, ila kingo huporomoka. Bondeni Rufiji udongo mweusi hung'ang'ania koleo. Nguzo nyingi tulizikita kando ya barabara, maana lori linafika na wateja wako hapo hapo.

Wateja hao walifikaje kandokando ya barabara? Wazee wetu waliishi bondeni, karibu na mashamba ya mpunga. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, Serikali iliendesha Operesheni Rufiji, ikawahamishia sehemu za juu. Ikwiriri ilipanuka hivyo. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, lenye mita 970, lilipofunguliwa 2003, kivuko cha Ndundu kikapumzika na barabara ya Lindi ikachangamka. Maduka yakasogea, umeme na maji vikafuata.

Lakini barabara ina mipaka yake: hifadhi ya barabara kuu, ukanda usioruhusiwa kujengwa, ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 ikaifanya mita 30. Hapo ndipo nchi nzima ilipozijua alama za X: nyekundu kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, asiyelipwa kitu, na ya kijani kwa aliyefuatwa na mita za nyongeza, anayestahili fidia. Nguzo na mabomba nayo hayawekwi humo bila kibali cha wakala wa barabara: TANROADS kwa barabara kuu, na TARURA, iliyoanza 2017, kwa za wilaya. Barabara ikitanuliwa, vyote huhama, na gharama haikwepeki. Isipotoka kwenye fungu la mradi, hutoka kwa mwenye nguzo.

Gesi ilipita njia nyingine. Bomba la Songo Songo, lililoanza kupeleka gesi Dar es Salaam 2004, lilitengewa mkuza wake, ukanda usiojengwa wala kupandwa miti. Mkuza ulikula mashamba ya watu, lakini haugombanii nafasi na lami.

Waliotolewa bondeni kwa amri ya Serikali hawakujua kuwa barabara ingewafuata. Sisi tunajua. Halmashauri zetu zipime mita 30 na kutenga mkuza wa umeme na maji kabla ya kugawa viwanja. Nawe unayenunua kiwanja Kibiti au Bungu, usilipe kabla hujapima kutoka katikati ya barabara.