Mchangiaji wa Hiari na Mtoto wa Selimundu

Mtoto anapopungukiwa damu hospitalini Kisangani, jamaa ndio wanaotazamwa kwanza. Habari inatoka Makiso hadi Mangobo, nyingine inavuka mto kwenda Lubunga: aje yeyote mwenye kundi la damu linalofaa. Baba amekwisha kukunja mkono wa shati, na ndugu mkubwa yuko nyuma yake. Wataalamu humwita mtu wa namna hii mchangiaji wa familia, au mchangiaji wa badala, kwa kuwa damu yake inafidia mfuko uliotumika. Yupo mwingine, ambaye Kifaransa cha hospitali humwita donneur bénévole. Kiswahili chake ni mchangiaji wa hiari.

Masharti yake ni matatu. Hakuna aliyemshurutisha, halipwi, wala hajui damu yake itaingia mwilini mwa nani. Tangu mwaka 1975 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani unazihimiza nchi zijenge huduma ya damu juu ya watu wa aina hiyo, kwa sababu anayelipwa, au anayesukumwa na ukoo, ana sababu ya kuficha ugonjwa wake anapoulizwa maswali kabla ya kutolewa damu.

Wapo wanaosema mtoaji, lakini anayetolewa damu ya kupimwa malaria naye ametoa. Kuchanga ni kutia chako katika hazina ya wengi. Anayejua likelemba, kuchangiana fedha kwa zamu, ataelewa haraka, ila kwenye likelemba kila mtu anaijua zamu yake ya kupokea, na mchangiaji wa hiari hangoji zamu yoyote.

Kisangani ina sababu yake ya pekee ya kumhitaji mtu huyu. Sababu hiyo ni selimundu, ugonjwa ambao mitaani huitwa drepano au SS. Chembe nyekundu hupinda mithili ya mundu, huvunjika mapema na kuziba mishipa midogo. Mwaka 2010 mtafiti Batina Agasa na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima watoto wachanga 520 wa Kisangani: asilimia 23.3 walikuwa AS, yaani wamebeba jeni moja bila kuugua, na karibu mmoja katika kila mia alikuwa SS. Jeni hiyo imeenea kwa sababu aliye AS hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na malaria haijawahi kuwa mgeni kando ya mto Kongo.

Hapo ndipo mkono wa baba unapoleta shida. Mtoto wa SS kwa kawaida amerithi jeni moja kwa baba na moja kwa mama, kwa hiyo wazazi wake, wazima kabisa kwa kuwatazama, wote wawili ni AS. Kati ya ndugu zake wasiougua, wawili kwa kila watatu wanatarajiwa kuwa AS pia. Damu ya AS si mbovu, yaweza kumwokoa mgonjwa mwingine. Lakini takriban asilimia 40 ya hemoglobini yake ni ileile S ya selimundu ambayo daktari anajaribu kuipunguza mwilini mwa mtoto. Mapenzi ya wazazi ni makubwa, na bado mfuko unaomfaa zaidi mtoto huyo umo kwenye mishipa ya mtu asiyehusiana naye hata kidogo. Ukweli huu unastahili kusemwa makanisani, misikitini na katika kumbi za Chuo Kikuu cha Kisangani, kwa sauti kubwa.

Kuna jambo moja ambalo ndugu anaweza kulifanya vizuri kuliko mgeni, nalo ni kuchangia uloto, ile tishu laini ndani ya mifupa inayotengeneza damu. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekwisha kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Hata ndugu aliye AS anaweza kufaa, mradi tishu zao zinalingana. Ndiyo maana mtoto anayetarajiwa kupandikizwa hazuiliwi tu damu ya wazazi, bali ya ndugu wote wa karibu, ili mwili wake usijifunze mapema kuukataa uloto wao.

Kinachotakiwa kwa mchangiaji wa damu si kikubwa. Kwa kawaida awe na umri kuanzia miaka 18, uzito wa kilo 50 au zaidi, na afya njema siku hiyo. Huchukuliwa mililita 450 hivi. Maji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili, chembe nyekundu baada ya wiki kadhaa. Kwa hiyo mwanamume hungoja miezi mitatu na mwanamke minne kabla ya kurudi.

Kurudi huko ndiko kunakomtofautisha na yule aliyekuja mara moja kwa ajili ya mpwa wake. Akija mara ya tatu au ya nne, kundi lake linajulikana, vipimo vya virusi vimerudiwa, na aina ya hemoglobini yake ikipimwa mara moja tu inatosha kwa maisha yake yote. Akionekana kuwa AA, yaani hana jeni ya selimundu, mifuko yake inaweza kuwekewa alama na kutengwa kwa ajili ya watoto wa SS.