Habari za Bibi Yetu Aliyetufundisha Kuimba

Katika kitabu hiki cha jubilei mtakuta majina ya maaskofu na ya mapadre, na mwaka wa kufunguliwa kila misioni. Hayo ni haki yao, nasi twayasoma kwa shukrani. Lakini tulipoketi sisi wajukuu, kila mtu akieleza ni nani aliyemfundisha Baba Yetu, hapana hata mmoja aliyemtaja padre. Sote tulifundishwa na bibi, jikoni, kwa kuimba, huku moshi ukituliza. Jina lake hatuliandiki. Watu wa parokia yetu watamtambua, na wasiomjua wamweke bibi yao wenyewe mahali pake.

Imani ilifika pande hizi kwa njia ya ziwa. Mapadre Weupe walifungua misioni ya Bukumbi, kusini ya Ziwa Viktoria, mwaka wa 1883, na toka huko neno likaenea polepole katika Usukuma. Nchi ya Shinyanga ilikaa muda mrefu chini ya Mwanza, kisha mwaka wa 1950 ikawa Vikarieti ya Maswa. Mwaka wa 1953 ikawa jimbo, na mwaka wa 1956 ikaitwa Jimbo la Shinyanga, askofu wake akiwa Edward McGurkin wa Shirika la Maryknoll. Bibi alibatizwa kabla ya hayo, siku za vita kuu ya pili, akiwa msichana. Alikuwa akienda mafundishoni kwa miguu tangu alfajiri, na kurudi jua likiwa kichwani.

Baba yake alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma. Wasomaji wa Usukuma hawahitaji kuelezwa jambo hili, lakini wageni wajue ya kuwa wachezaji wetu tangu zamani wamegawanyika pande mbili, Wagika na Wagalu. Kila mwaka baada ya mavuno hushindana, na upande uvutao watu wengi zaidi ndio ushindao. Katika kushindana huko kulikuwa na dawa nyingi, na kwa sababu ya dawa hizo walimu wa dini wa siku zile waliwakataza Wakristo kukanyaga uwanjani. Bibi akatii. Alituambia mara nyingi ya kuwa kuacha matambiko kulikuwa kwepesi kwake, bali kuacha ngoma kulikuwa kama kukatwa ulimi. Kanisani aliimba nyimbo za Kizungu zilizotiwa maneno yetu, akaziimba vizuri, lakini hakuacha kucheka alipozikumbuka. Maana Kisukuma ni lugha ya kupanda na kushuka kwa sauti. Ukilipandisha neno pasipo pake, msikiaji asikia neno jingine, au hasikii neno lo lote. Hatudhani walimu wale walikosa kwa ubaya. Waliiona dawa, hawakuusikia wimbo.

Akaolewa, na mumewe akapata kazi Geita, katika mgodi wa dhahabu uliokuwa umefunguliwa katika miaka ya 1930. Huko makambini walikuwako watu wa makabila mengi, kila mtu na lugha yake, hata sala ya pamoja ilikuwa haiwezekani ila kwa Kiswahili. Bibi alikijua kidogo sana. Akakijifunza kwa nyimbo, akawakusanya wake wa wachimbaji jioni, wakaimba. Mtu akifa mbali na kwao, wao ndio waliomwosha akiwa mwanamke, na kumlilia kama ndugu. Hapakuwa na mshahara, wala hakuna aliyewatuma. Katika siku hizi Geita ni jimbo, tangu mwaka wa 1984, na mgodi mpya mkubwa ulianza kazi mwaka wa 2000. Lakini sisi tukisikia neno Geita twawaona wanawake wale wameketi juu ya mikeka, mmoja anaanza, wengine wanaitikia.

Mgodi ule wa kwanza ulipofungwa mwaka wa 1966, walirudi nyumbani Shinyanga na watoto sita. Nako nyumbani mambo yalikuwa yamegeuka. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umekwisha mwaka uliotangulia, na tangu mwaka wa 1963 ulikuwa umesema ya kuwa muziki wa mataifa upewe heshima yake katika ibada. Hata kabla ya hapo, Padre David Clement, Mpadre Mweupe mtu wa Kanada, alikuwa ameanza kazi yake Bujora, karibu na Kisesa, katika miaka ya 1950. Alikusanya ngoma, vyombo na nyimbo za Wasukuma, akajenga kanisa lenye umbo la nyumba yao, na sikukuu ya Ekaristi ikawa siku ya Bulabo, ambapo Wagika na Wagalu huingia kwa ngoma zao. Jambo lile lile lililokatazwa likaja kupokewa mlangoni.

Basi siku moja mwalimu wa kwaya akamwendea bibi akamwomba amfundishe tuni za baba yake. Bibi hakumjibu siku ile. Akakaa juma zima. Twafikiri alikuwa akiona uchungu, maana miaka zaidi ya ishirini alikuwa ameungama kama dhambi kila alipojikuta anaziimba shambani, na sasa walimtaka aziimbe mbele ya altare. Mwisho akaenda, akaketi, akaimba mpaka usiku, na mwalimu akaandika maneno katika madaftari, kwa kuwa bibi mwenyewe hakujua kusoma. Toka siku ile hakuna ubatizo wala arusi wala maziko kijijini yaliyopita bila yeye. Wakina mama walipochota maji ya kufyatulia matofali ya kanisa, walichota kwa kuimba, kama vijana wa elika walimavyo.

Sasa twafika mahali pagumu, wala hatutapapita kando, ijapokuwa kitabu cha jubilei hupenda habari za furaha.

Mwaka wa 1974 watu walihamishwa wakakaa katika vijiji, wasiojuana wakawa majirani. Katika miaka ile na iliyofuata, katika Shinyanga na Mwanza na Geita, wazee wengi waliuawa kwa mapanga usiku kwa kudhaniwa wachawi, na wengi wao walikuwa wanawake wakongwe. Alama waliyotafutiwa ilikuwa macho mekundu. Ewe msomaji, fikiri macho hayo yalitoka wapi. Misitu ya Shinyanga ilikatwa sana tangu miaka ya 1920 ili kumfukuza mbung'o, kisha ikakatwa kwa mashamba ya pamba na kwa kuni, hata wanawake wakakosa kuni wakapikia mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa na vijiti vya pamba. Aliyetupikia miaka hamsini katika moshi huo ndiye mwenye macho mekundu. Serikali ilianza kuirudisha miti mwaka wa 1986 kwa mpango ulioitwa HASHI, na watu wakatenga tena ngitili zao. Lakini macho yaliyokwisha kuungua hayarudishwi kwa kupanda miti.

Macho ya bibi yalikuwa mekundu kama ya wenzake. Alikuwa mjane, mwenye mashamba mazuri, na mtoto wa jirani akafa ghafula. Maneno yakaanza kisimani. Baadhi yetu tulimsihi ahamie mjini, akakataa, akasema akikimbia atakuwa amekiri. Ndipo wanakwaya, bila kuitana mkutano, wakaanza kuja kulala kwake kwa zamu, watatu watatu, nao kabla ya kulala huimba kwa sauti kubwa, ili kila apitaye njiani asikie ya kuwa nyumba ina watu. Waliendelea hivyo karibu miezi minne. Mama wa mtoto aliyekufa alikuwa sauti ya tatu katika kwaya. Wiki za kwanza hakuja. Kisha usiku mmoja akaja na mkeka wake, wala bibi hakumwuliza neno. Alimwonyesha pa kulala, akaanzisha wimbo aliojua ya kuwa yule anaupenda.

Bibi alifariki miaka mingi baadaye, kitandani pake, mchana, amepakwa mafuta matakatifu. Mama yule alikuwa miongoni mwa waliomwosha.

Madaftari ya mwalimu yalikuwa matatu. Moja limeliwa na mchwa, mawili yapo katika sanduku la kwaya, na wino wake umefifia. Kijana anayeongoza sasa ameanza kuyanakili. Afikapo mahali asipoweza kusoma, huwaendea wanawake watano waliobaki wa zamu zile, nao huketi chini wakaimba mpaka neno lililopotea litokee.