Mtunzi wa Tamthilia na Hadhira Yake: Funzo la Kamiriithu

Je, mtunzi wa tamthilia apaswa kujali jinsi hadhira inavyoielewa kazi yake? Wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba wajibu wa msanii hukoma anapoweka kalamu chini, na kwamba anayewawazia mno watazamaji huishia kuirahisisha sanaa. Historia ya Ngaahika Ndeenda yaonyesha kasoro ya hoja hiyo.

Mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliwapelekea wakazi wa Kamiriithu, Limuru, mswada wa tamthilia hiyo ya Kigikuyu. Mazoezi yalifanyika hadharani, na waliokuja kutazama walikuwa huru kutoa maoni. Wazee walisahihisha usemi wa wahusika wazee. Wafanyakazi wa viwandani na mashambani walirekebisha maelezo ya kazi na ujira wao. Hivyo hadhira iliielewa tamthilia kabla ya onyesho la kwanza, na ufahamu huo ukaingia katika utunzi wenyewe. Sanaa haikurahisishwa, ilipata ukweli ambao watunzi peke yao hawakuwa nao.

Uzito wa jambo hili ulidhihirishwa na serikali. Mnamo Julai mwaka huohuo, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o kwa Kiingereza, Petals of Blood, ilizinduliwa na Mwai Kibaki, aliyekuwa Waziri wa Fedha, ingawa nayo ilishutumu unyonyaji uleule. Tamthilia ilianza kuonyeshwa Oktoba. Kibali chake kikafutwa Novemba, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ akakamatwa na kutiwa kizuizini. Kilichotofautisha kazi hizi mbili si maudhui hasa, bali ni nani aliyeweza kuyaelewa.

Huenda ikadaiwa kwamba Ebrahim Hussein, katika Mashetani (1971) yenye ishara nzito, hakumjali mtazamaji. Hata hivyo, tamthilia hiyo hufunguka kwa mchezo wa Shetani na Binadamu, wenye sura ya ngano ambayo hadhira yake inaifahamu. Ugumu wake, basi, si dharau. Humtaka mtazamaji aanzie anapopajua na kufikiri zaidi.

Mtunzi hawezi kuitawala tafsiri ya hadhira, wala hapaswi. Lakini asiyejali kama ameeleweka hujinyima msahihishaji wake bora. Huko Kamiriithu watunzi walilijua hilo. Dola nayo ililijua, ndiyo maana ikalifunga jukwaa.