Kumbe ubongo ‘hufundishwa’ kupenda mafuta na sukari

Wengi huamini mtu hunenepa kwa kukosa nidhamu tu. Lakini kuna mhusika mwingine: ubongo, ambao hujifunza kutokana na kile unacholishwa kila siku.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023, Taasisi ya Max Planck ya Cologne, Ujerumani, na Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliwapa watu wasio wanene kitafunwa chenye mafuta na sukari nyingi kila siku kwa wiki 8. Kundi la pili lilipewa chenye kalori zilezile, ila mafuta kidogo.

Uzito wa makundi hayo haukutofautiana. Kilichobadilika ni ubongo: kundi la kwanza lilisisimkia zaidi vyakula vya aina hiyo na kupunguza hamu ya vyenye mafuta kidogo. Yaani tabia ilianza kichwani kabla ya kuonekana kwenye mizani.

Kilo moja kwa wiki mbili

Mwaka 2019, utafiti mwingine wa Marekani uliwaruhusu watu 20 kula hadi washibe. Walipopewa vyakula vya viwandani vilivyosindikwa sana, walikula haraka zaidi, wakaongeza takriban kalori 500 kwa siku na karibu kilo 1 ndani ya wiki 2. Kwa vyakula asilia, walipungua kiasi hichohicho.

Akili nayo?

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia takriban asilimia 20 ya nishati yake. Unene wa kupindukia katika umri wa kati, kisukari na shinikizo la damu huharibu mishipa inayoulisha, na vyote vitatu vimetajwa na wataalamu kuwa vichocheo vya ugonjwa wa kusahau uzeeni.

Cha kufanya

• Weka simu pembeni wakati wa kula. Macho yakiwa kwenye skrini, ni rahisi kupitiliza.

• Kula taratibu. Taarifa ya shibe huchukua kama dakika 20 kufika kwenye ubongo.

• Usimlazimishe mtoto kumaliza sahani, wala usimbembeleze kwa pipi. Hapo ndipo mazoea huanzia.

• Punguza soda. Chupa ya kola ya mililita 500 ina takriban gramu 50 za sukari, sawa na vijiko 12 vya chai.