Magamba Katika Tope la Ziwa Tanganyika

Dagaa na migebuka wanaoliwa huku Mwimbi hupandishwa kutoka Ziwa Tanganyika, kwenye mialo kama ya Kasanga. Huko wavuvi hutoka usiku wa giza, wakiwasha taa juu ya maji ili dagaa wakusanyike. Asubuhi dagaa huanikwa mchangani.

Wengi husema samaki wamepungua kwa sababu nyavu zimezidi. Ni kweli, lakini si yote. Mwaka 2016 watafiti walichapisha walichokiona katika tope la sakafu ya ziwa: magamba, meno na vijifupa vya samaki, tabaka juu ya tabaka. Mabaki hayo yalianza kupungua karne ya 19, maji yalipoanza kupata joto. Uvuvi mkubwa wa kibiashara ulikuja miaka ya 1950. Kwamba samaki walianza kupungua kabla ya uvuvi huo ndilo la kushtua.

Kina cha ziwa hufika mita 1,470, na rutuba yake nyingi imelala chini. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusi husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na ya chini hupanda upande wetu huu wa kusini, yakirutubisha vijimea ambavyo uhai wa dagaa unavitegemea. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hayachanganyiki kirahisi na ya chini, na rutuba hukwama kilindini.

Ziwa ni la Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kuhusu nyavu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake ili samaki wazaliane.