Mitaro ya Mpunga ya Usangu na Samaki Wake

Mito ya Kimani na Chimala hushuka kutoka safu ya Kipengere, upande wa kaskazini wa milima ya Makete, na kuingia bonde la Usangu, magharibi ya Makambako. Kabla ya mifereji, maji ya masika yalitapakaa mbugani hadi kwenye kinamasi cha Ihefu, na kambale waliyafuata ili kutaga kwenye maji ya kina kifupi.

Kilimo cha mpunga wa kumwagilia kilianzishwa na Wabaluchi waliohamia Usangu kabla ya uhuru. Wenyeji nao walichimba mifereji yao na kujenga mabanio ya miti na mawe. Badiliko kubwa lilikuja miaka ya 1970, shamba la serikali la Mbarali lilipojengwa kwa msaada wa China. Shamba la Kapunga likafuata mwishoni mwa miaka ya 1980. Kila shamba lilihitaji mifereji ya aina mbili: mfereji wa kuleta maji, na mtaro wa kuyatoa.

Mtaro huu wa kutoa maji, ambao wahandisi waliuchimba kwa ajili ya mpunga peke yake, ndio uliogeuka mahali pa kuvulia. Majaruba yaliyofurika ni mbuga ya mafuriko iliyotengenezwa na mkono wa binadamu: kambale na perege huingia na maji, wakala wadudu na kunenepa. Mpunga unapokaribia kukomaa maji hufunguliwa, na samaki hutoka nayo. Hapo mgono uliosukwa kwa fito hutegwa penye mkondo mwembamba, mdomo wake ukielekea maji yanakotoka. Samaki huingia kirahisi, lakini koo la mgono limejaa ncha zinazoelekea ndani, hivyo hawawezi kurudi. Madimbwi yanayobaki huvuliwa kwa ndoano. Kambale hustahimili humo kwa sababu anaweza kupumua hewa ya juu ya maji. Mvuvi hana kinga kama hiyo: maji hayohayo hubeba kichocho.

Tangu miaka ya 1990, mto Ruaha Mkuu, unaopokea maji ya Ihefu, umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwaka 2008 Ihefu nayo iliingizwa katika hifadhi hiyo, na uvuvi humo ukakoma kisheria. Mitaro ikabaki sehemu ya uvuvi iliyo karibu na wakulima, nayo hutegemea maji ambayo mabanio ya juu huyaachia yapite.